Kiti cha Gurudumu Moja

Siku tulipomzika baba mkwe wangu, mwanamke mmoja wa ukoo alinivuta kando ya jiko akaniambia, kwa upole ambao haukuwa upole, kwamba nimelia kupita kiasi. "Mke wa mwana halilianga mkwe hivyo," alisema. "Watu wanaangalia." Nilimjibu waangalie tu, mtu aliyefika miaka sitini na mitatu analia anavyotaka. Jina la mzee sitaliandika hapa. Sijalisahau, ila sikulitamka hata mara moja tangu niolewe, na sasa amelala udongoni bado mdomo wangu unalikataa. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe wake wana kitu kinachoitwa tsisoni, yaani haya na heshima vikiwa kitu kimoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakizungumza kila mmoja anatazama upande wake. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilimpikia yule mzee na sikuwahi kumwona akitafuna. Lakini mwaka ule wa kwanza baada ya bendera kupandishwa, yeye ndiye aliyepanga jinsi nitakavyobaki hai. Yule mwanamke na wenzake wa jikoni walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa bado wanabebwa mgongoni, kwa hiyo siwalaumu. Naandika ili wajue.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mtoto wa kwanza. Nilikuwa nyumbani Malinya, katika nyumba ya mama mkwe. Kichwa kilianza kuniuma asubuhi, mchana nikaona vimulimuli mbele ya macho, na yaliyofuata nilisimuliwa tu: kifafa kilinitupa chini, nikauma ulimi, mtoto akatoka akiwa hana uhai, nami nikalala siku tatu bila kujijua. Nilipoamka tumbo lilikuwa limelala, sakafu imepakwa kinyesi cha ng'ombe upya, na Mama, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameshika bakuli la uji wa wimbi. Mtoto wa namna ile hakuwa akizungumzwa. Wanawake wazee walimzika upesi, bila matanga, ili wenzake wasiogope kuja. Mume wangu alikuwa chuoni akisomea ualimu, na wakati huo aliniandikia barua yenye kurasa tatu za uhuru na nusu ukurasa wa pole. Nilimpenda hata hivyo. Alikuwa kijana, na uhuru ulikuwa mpya kuliko mimi.

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa tano, nilikwenda kliniki ya hospitali kuu ya serikali mjini Kakamega, maili nyingi za vumbi kutoka kwetu. Muuguzi pale alikuwa mama mnene wa Maragoli tuliyemwita Sista tu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akatazama zebaki ikipanda, akapuliza tena, kisha akavua miwani. Aliniuliza ya mimba ya kwanza. Nilipomaliza kumweleza, aliniuliza safari hii nilipanga kuzalia wapi. Nilimwambia nyumbani. "Nani alikuambia ukazalie nyumbani tena?" Nilimjibu hakuna aliyeniambia, ndiko watu huzalia. Sista alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha kucheka ghafla. "Sikia, mama. Hii presha yako mimi siwezi kuitoa. Naweza tu kuiangalia, vile mtu anaangalianga maziwa kwa moto. Ikianza kupanda, tunamtoa huyo mtoto kabla haijamwagika. Sasa, nitaangalia aje maziwa iko Malinya?"

Mpango wake ulikuwa mfupi, nami naukumbuka mpaka leo. Kuanzia mwezi wa saba nikae mjini, karibu na hospitali. Nipimwe kila Jumatatu na Alhamisi. Nilale kwa ubavu wa kushoto, nisibebe maji, nisichanje kuni, nisionje chumvi. Na kulikuwa na dalili tatu: kichwa kinachokataa kupona, vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu. "Ukiona moja peke yake, usingoje bwana, usingoje mkwe, usingoje hata chai iive. Unakuja. Na haukuji na miguu yako." Siku hizi wajukuu wangu wanapimwa presha dukani wakinunua dawa ya mafua, wanasema namba zao wakicheka. Mimi kila nikisikia ile pumzi ya kitambaa kikijaa, mkono wangu bado unakaza.

Shida ilikuwa mahali pa kukaa. Hatukuwa na mtu mjini isipokuwa mmoja, naye ndiye mtu ambaye sikuweza kukaa kwake. Mzee, yaani baba mkwe wangu, alikuwa fundi seremala katika karakana ya serikali, na alikuwa na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, mwendo wa robo saa kutoka lango la hospitali. Wazee wa ukoo walikutana nyumbani kuhusu jambo hilo. Mimi nilikuwa jikoni nikichambua mrenda, na ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa, basi nilisikia yote. Mmoja alisema nipelekwe kwa binamu Isecheno, msituni, kana kwamba nimeambiwa nikae karibu na miti. Mwingine alisema hospitali ni ya watu ambao hawana mama. Kisha Mzee akasema jambo ambalo sikuwahi kusikia likisemwa. Alisema atatoa mapema mbuzi anayechinjwa tsisoni ikivunjwa, ile tsisoni iondolewe kabla, ili ikitokea siku ya shida aweze kunishika na kunibeba. Ndugu yake mkubwa ndiye aliyemjibu. "Mbuzi ni ya kosa limefanyika. Haunawi mkono haujashika kitu." Wote waliguna kukubali. Mzee hakubishana. Alisema tu, "Basi nitahama," na nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma.

Alihama kweli. Alikwenda kulala karakanani juu ya mbao, nami nikaingia chumbani kwake na wifi yangu Truphena, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mume wake kwa mara ya pili na hakuwa na haraka ya kurudi tena. Chumba kilinukia gundi ya mbao na tumbaku. Mzee alikuwa ameondoa kitanda chake na kiti chake ili nisije nikavitumia kwa bahati mbaya, na mahali pake ameweka kitanda kipya kabisa, kipana, kilichoegemezwa ukutani ili nikilala kwa kushoto nitazame dirisha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu ubavu wa kushoto isipokuwa Mama. Nililala pale wiki baada ya wiki. Truphena alinipikia obusuma, ugali wetu, na kunde zisizo na chumvi, mboga iliyokuwa na ladha ya majani ya ua, akakaa akinitazama nikila huku akila zake zenye chumvi. "Pole, Mkabarasi," alikuwa akiniambia, maana mimi ni mtu wa Malava, kwa Wakabarasi, na kwa Waidakho, watu wa mume wangu, mwanamke huitwa kwa alikotoka. "Hii ni chakula ya sungura." Alikuwa mchokozi, lakini hakuniacha nishike ndoo.

Kila asubuhi Mzee alipita kabla ya kazi na chupa ya maziwa. Alikohoa kwenye ua, akasimama mbali kidogo na mlango akiwa ametazama barabara, akazungumza na mlango. "Wewe mlango, huyo mtu wa ndani ameamka?" Nami nilijibu nikitazama ukuta, "Mlango, mwambie mzee ameamka." "Kichwa?" "Mwambie ni kizuri." "Na macho?" "Mwambie macho inaona." Kisha miguu yake ikaondoka. Mwanzoni nilidhani anauliza kwa adabu tu. Alhamisi moja Sista akaniambia huku akikunja kitambaa chake, "Mkwe yako alikuja hapa. Alisimama hapo nje, hakuingia. Akaniuliza, mtu akishikwa na hii kitu, anaweza kutembea? Nikamwambia hata hatua moja. Akauliza, na baiskeli? Nikamwambia mzee, unataka kumuua? Lazima aketi ameegemea, mguu umenyooka, na mtu asimtingishe. Basi akatoa futi yake kwa mfuko, akapima mlango ya wodi, akaenda." Nilirudi chumbani nikacheka na Truphena kuhusu ule mlango wa wodi. Tulikuwa wawili, na hakuna hata mmoja aliyeelewa.

Wiki mbili baadaye tulielewa. Mzee alikisukuma mwenyewe kutoka karakanani mchana kweupe, akakiacha kando ya ukuta wetu chini ya gunia. Kilikuwa kiti kirefu cha kuegemea, kina gurudumu moja mbele lililotoka kwenye wilbaro kuukuu, na mipini miwili nyuma. Kiti kilitazama mbele. Anayekaa hamwoni anayesukuma, na anayesukuma anaona utosi tu. Hivyo ndivyo alivyowajibu wale wazee na mbuzi wao: hakuna atakayemshika mwenzake, hakuna atakayemtazama mwenzake, na mwendo utakwenda. Fremu ilikuwa ya mkaratusi wa kawaida, lakini mahali pa kukalia na ubavuni alikuwa ameweka mbao fupi za mvule, nyororo, zenye matundu ya misumari yaliyozibwa. Nilipitisha mkono juu yake nikaona aibu kwa uzuri wake. Kabla ya Mzee, hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu.

Majirani waliona kitu kingine. Waliona fundi mzee akipiga mbao zenye ubavu ulioinuka, mfano wa kitanda cha mtoto, kwa ajili ya nyumba ambayo mtoto hajazaliwa. Kwetu mtu hashoni nguo ya mtoto aliye tumboni, hanunui hata leso. Kumwandalia ni kumtangazia, na anayesikia tangazo si lazima awe rafiki. Habari zilifika Malinya kabla ya Jumapili, na Jumatatu Mama aliingia uani kwetu kwa miguu, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akalifunua, akapitisha kidole juu ya zile mbao za mvule. Nilitegemea kelele, maana Mama hakuwa mtu wa kumeza maneno. Badala yake alifunika gunia polepole, akaingia ndani, akaanza kukunja nguo zangu.

"Tunarudi nyumbani leo," alisema.

Nilimwambia Sista amekataa. Alisema si Sista aliyeolewa na mwanawe, kwa hiyo hana la kukataza. Nilimwambia hiki ni kiti tu, cha kunipeleka hospitali, si cha mtoto. "Kiti," alisema, kama anaonja neno hilo. "Mkabarasi, wewe haujui umeletewa nini hapa." Truphena alitoka nje. Nilikaa kitandani nikatazama mikono ya Mama ikikunja gauni langu mara mbili, mara tatu. Niliogopa sana, naweza kusema hivyo sasa. Niliogopa presha, niliogopa ule mwiko, na zaidi ya yote nilimwogopa yeye, kwa sababu mke wa mwana hamkatalii mama mkwe, na nilikuwa nitarudi kuishi naye miaka yote iliyobaki. Lakini nilikuwa nimepimwa asubuhi ile, na Sista hakuwa amecheka wala kutania. Nilisema, "Mama, nikirudi Malinya nitakufa. Nisamehe. Sitarudi." Sikuinua sauti. Sijui maneno yale yalitoka wapi, maana mpaka siku ile sikuwa nimemwambia mtu mzima neno la sitaki.

Wakati huo Mzee alikuwa ameshafika, Truphena akiwa amemkimbilia karakanani. Alisimama mahali pake pa kila siku, mgongo kwa mlango, akamwita mke wake kwa jina la mwana wao, mume wangu. "Mama Jeremia. Najua umeona nini. Niliweka hiyo mbao nikijua utaiona siku moja. Lakini mbao haina kosa. Kama kazi ya kwanza ilikataliwa, wacha ifanye ya pili." Mimi nilidhani anasema juu ya meza ya mtu fulani ambaye hakurudi kuichukua. Mama aliketi juu ya nguo alizokunja. Aliomba maji, akanywa, akaniuliza chumvi imefichwa wapi, yeye hawezi kula vyakula vya sungura. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tumebaki, sote watatu.

Ilikuwa siku tisa baadaye, saa nne asubuhi. Truphena alikuwa sokoni, Mama akisafisha dengu kizingitini. Kichwa kilikuwa kimeniuma tangu alfajiri nami nikakiita usingizi mbaya. Hata Mzee alipouliza mlango nilisema ni kizuri. Huo ulikuwa uongo wangu pekee kwa mzee yule, na haya ndiyo iliyousema, si mimi. Kisha vikaja vile vimulimuli, vidogo, vinavyocheza juu ya ukuta. Nilimwita Mama. Alinitazama uso, ambao nadhani ulikuwa umevimba, akasimama na dengu zote zikamwagika. Nakumbuka sauti yao sakafuni. Alitoka akaita kuelekea karakana, na hakutafuta mtu wa kumtuma.

Mama na mwanamke wa chumba cha pili walinikalisha kwenye kiti. Mzee alifika akiwa bado na penseli sikioni, nilikiona kivuli chake ukutani, akashika mipini. Barabara ile ilikuwa na mteremko, halafu mlima mdogo, halafu mawe karibu na lango. Nilijua kila jiwe kwa sababu nililisubiri, lakini gurudumu halikuligonga hata moja. Alikuwa ameshapita njia hiyo mara nyingi na kiti kitupu, Truphena alinieleza baadaye, jioni baada ya kazi, watu wakimcheka. Hakusema na mimi. Alisema na gurudumu. "Pole pole, gurudumu. Kushoto. Hapo kuna shimo. Sasa panda." Mama alitembea ubavuni ameshika leso juu ya uso wangu ili jua lisinipige. Nyuma ya utosi wangu nilisikia pumzi ya Mzee ikizidi kuwa nzito mlimani, mtu wa miaka karibu hamsini, na nilitaka kumwambia apumzike, lakini hatukuwa tumezoeana kuambiana vitu. Tulipita mlango wa wodi bila kugusa mbao za pande zote mbili. Sista alipokea mipini, na niliposikia viatu vya Mzee vikirudi nyuma, nilisema, bila kutazama nyuma na bila kusema na mlango wowote, "Asante, baba." Viatu vilisimama kidogo, kisha vikaendelea.

Walinilaza katika chumba chenye pazia jeusi, wakanichoma sindano, wakaanzisha uchungu siku hiyo hiyo. Sista alikaa nami akinisemesha mambo ya kawaida, bei ya mahindi, mwanawe anayekataa shule, ili nisiogope. Maziwa hayakumwagika. Kesho yake mchana nilijifungua msichana mdogo kiasi kwamba walimfunga pamba na kumzungushia chupa za maji moto, naye akalia kwa hasira isiyolingana na mwili wake. Siku hizi ana watoto wanne, anafanya kazi Isecheno msituni, na hasira yake bado ni ile ile.

Siku ya tatu Mama aliruhusiwa kuingia. Aliketi ukingoni mwa kitanda na uji wa wimbi kwenye kopo, akamtazama mtoto kwa muda, akazungumza huku akikoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogwa. "Ile mbao umekalia, niliijua. Mwaka jana, wakati ulikuwa umelala haujijui, Mzee alikuja kutoka kazi na sanduku kidogo kwa baiskeli. Hakuna mtu alimtuma. Alisikia tu mtoto ametoka hivyo, akapiga sanduku ya mvule. Sisi wamama tukamwambia huyu hazikwangi na sanduku, anafunikwa na majani ya ndizi, basi. Alisimama nayo hapo kwa mlango mpaka tukamaliza. Halafu akairudisha mjini. Mimi nilidhani aliichoma." Alinipa kopo. "Sasa nikaona amekuwekea hiyo ukalie. Nilidhani wazimu imemshika."

Nilishika kopo sikunywa. Nililia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, nikalia kwa ajili ya yule wa kwanza huku wa pili amelala kifuani. Mama hakuninyamazisha. Wodi ilikuwa na wanawake kumi na wote walijifanya wanatazama madirisha. Nilipoweza kusema nilimwuliza jambo ambalo katika mwaka mzima nilikuwa sijamwuliza mtu yeyote, na hakuna aliyewahi kuniambia.

"Mama, alikuwa msichana au kijana?"

Aligeuka akanitazama usoni, na nikaona kwamba ndipo anatambua kuwa sikujua.

"Kijana," alisema. "Wa nywele nyingi. Sisi tulikuwa tumeshamfunika. Mzee ndiye aliomba tumfunue, amwone."